Jina Litajwalo: Mpemba, Ngoro za Umatengo na Hesabu ya Wataalamu

Zamani, katika miji ya pwani, mwanachuoni aliyetaka kuaminiwa hakutakiwa kwanza kuonyesha ukali wa akili zake, bali alitakiwa kutaja ilimu yake aliipokea kwa nani, na huyo naye aliipokea kwa nani, mpaka mnyororo wa majina umfikie mtu ambaye hapana aliyemshuku. Na ijaza, yaani hati ya idhini ya kufundisha, aliyopewa mwanafunzi na shekhe wake, kama zile zilizotolewa Unguja katika zama za Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, mabwana wawili waliofariki mwaka mmoja, 1925, thamani yake haikuwa katika uzuri wa hati, ilikuwa katika majina yaliyotangulia ndani yake. Desturi hiyo ilikuwa na adabu kubwa, kwa kuwa ilimlazimu mtu akiri mbele ya watu kwamba hakuanza yeye. Lakini haikuwa na hesabu. Hapana mtu aliyekaa barazani akajumlisha Sayyid Ahmad ametajwa na wanafunzi wangapi, kisha akamlinganisha na Sheikh Abdallah ili ajue nani apewe mshahara mkubwa.

Nchi za Ulaya nazo zilikuwa na desturi iliyofanana na hiyo, ya kumtaja mtangulizi chini ya ukurasa au mwishoni mwa makala, na kwa karne kadhaa ilibaki kuwa adabu tu, mpaka mwaka 1955, Mmarekani mmoja jina lake Eugene Garfield alipotoa rai katika jarida la Science kwamba kutajana huko kwa wataalamu kungeweza kukusanywa katika faharasa moja, ili mtu aliyeshika makala ya zamani apate kujua ni akina nani walioitumia baadaye, na kama waliikubali au waliipinga. Taasisi yake ya mjini Philadelphia ilichapisha faharasa hiyo mwaka 1964. Makusudi yake yalikuwa mema, na kwa kutafutia habari ilikuwa chombo cha ajabu. Lakini kitu kinachohesabika hakikosi mtu wa kukihesabu, na haikupita miaka mingi wakuu wa vyuo, wagawaji wa fedha na wapandishaji wa vyeo wakaona kwamba hapo wamepata mizani ya kumpimia mtu bila ya kusumbuka kusoma alichokiandika. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, akaitia mizani hiyo katika tarakimu moja: mtaalamu mwenye makala 20 ambazo kila moja imetajwa si chini ya mara 20 ana daraja ya 20, mwenye 50 za namna hiyo ana daraja ya 50, na yule aliyeandika makala moja tu, hata akitajwa na walimwengu wote, daraja yake haiwezi kuzidi 1. Msomaji aikumbuke hiyo moja, maana nitaihitaji.

Mizani hiyo ina ila ambazo wenyewe wanaoitumia wanazijua. Watazame wanafizikia waliotumia umri wao kuchunguza tao la umeme katika ombwe. Vipande viwili vya metali vinavyopitisha umeme vikitenganishwa ndani ya chombo kilichotolewa hewa yote, umeme haukatiki mara moja. Katika uso wa kimoja huzuka madoa madogo ya moto mkali mno, metali ikayeyuka na kugeuka mvuke, na mvuke huo ukawa ndiyo njia ya umeme, mpaka pale mkondo unapobadili mwelekeo na kupita sifuri, mvuke ukatawanyika na tao likafa. Mwaka 1926 Royal Sorensen na mwenziwe Mendenhall, katika taasisi ya teknolojia ya California, walionyesha kwamba jambo hili laweza kutumika kukatia umeme mkubwa kwa usalama, ila mafundi walihitaji zaidi ya miaka 20 kupata metali safi na vyombo visivyovuja, na wataalamu wa fani hiyo hawakuwa na mkutano wao wa kimataifa mpaka mwaka 1964. Leo swichi za namna hiyo zimo katika vituo vya kupoza umeme duniani kote. Lakini jamaa wanaoandika juu ya madoa yale ni wachache, na wanaosomana ni wao kwa wao, hivyo mtu aweza kuwa hodari wa kwanza katika fani hiyo, na hesabu yake ikapitwa mbali na ya kijana wa kawaida aliyeingia katika fani yenye watu wengi. Mkazi wa Mbinga ambaye radi imepiga, taa zikazimika, kisha zikawaka, hufaidi kazi ya wanafizikia wale, wala haandiki makala ya kuwataja.

Sasa niingie katika habari iliyonifanya nishike kalamu, ambayo ni ya Mtanzania mmoja aliyetajwa zaidi ya wanafizikia wengi waliotimiza makala mia, ijapokuwa kazi yake ya maisha haikuwa fizikia.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto katika milima ya Usambara, wanafunzi walikuwa na mazoea ya kujitengenezea aiskrimu: huchemsha maziwa, huyatia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyatia katika jokofu. Nafasi katika jokofu ilikuwa haba, na siku moja mwanafunzi mmoja, kwa kuichelea nafasi hiyo, alitia maziwa yake bila ya kuyachemsha kabisa. Naye Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu, alipoona kwamba akingoja ya kwake yapoe atakosa mahali, akaamua kuhatarisha jokofu na kuyatia yangali moto. Baada ya muda wa saa moja na nusu hivi walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenziwe yangali uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Na Mpemba, kwa adabu ya mwanafunzi wa zama zile, akanyamaza. Hakusahau lakini. Baadaye mjini Tanga rafiki yake aliyekuwa akifanya biashara ya aiskrimu alimweleza kwamba wao hutia maziwa ya moto kwa makusudi, kwa sababu huganda upesi. Nawaomba wasomaji wasilipite jambo hili kwa haraka: huko Tanga kulikuwa na wachuuzi waliojua, wakatumia ujuzi wao kila siku na kupata riziki, wala hapana hata mmoja kati yao ambaye jina lake limetufikia.

Mpemba alifaulu, akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, na katika masomo ya mwanzo ya joto akafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa, isemayo kwamba kitu hupoteza joto kwa kadiri ya tofauti iliyopo kati yake na mazingira yake. Akauliza tena swali lake. Mwalimu, baada ya kulumbana naye kidogo, alilikata shauri kwa kusema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba na si fizikia ya ulimwengu, na tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu mwalimu na wenzake darasani walimtupia dhihaka ya namna ile ile, kwamba hayo ni mahesabu ya Mpemba. Nani angalijua wakati ule kwamba dhihaka hiyo ingekuja kuwa istilahi? Kijana hakukata tamaa. Alasiri moja alipoikuta maabara ya biolojia i wazi na hapana mwalimu, alichukua vikombe viwili vya kupimia, kimoja akakitia maji ya bomba na kimoja maji ya moto, akaviweka katika jokofu, na baada ya saa moja aliona barafu imezidi katika kile kilichokuwa na maji ya moto.

Ikatokea kwamba mkuu wa shule alimwalika Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa chuo kichanga kilichofunguliwa mwaka 1961, aje azungumze na wanafunzi. Mwisho wa mazungumzo maswali yakaruhusiwa, na Mpemba akasimama akauliza: vyombo viwili vilivyo sawa, vyenye maji ya kadiri moja, kimoja kikiwa nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vikitiwa pamoja katika jokofu, kile cha nyuzi 100 ndicho kitangulizacho kuganda, kwa nini? Wenziwe waliona haya kwa niaba yake. Osborne naye, kama alivyokiri baadaye kwa maandishi, moyoni aliona kijana amekosea. Lakini alimwuliza kama amelijaribu jambo hilo kwa mikono yake, akajibiwa ndiyo, akaahidi kulijaribu. Alipofika Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi wa maabara, na fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwa nia njema kabisa kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka yapatikane majibu yaliyo sahihi. Sijui kama katika tarehe nzima ya sayansi ya Afrika Mashariki pana maneno yanayochekesha na kufundisha kwa pamoja kuliko hayo.

Majaribio yakarudiwa kwa uangalifu. Maji ya ujazo wa sentimita 70 za mchemraba yalitiwa katika bika za 100, yakawekwa juu ya povu gumu ndani ya sanduku la barafu la jokofu la nyumbani, na ikaonekana kwamba yaliyochelewa kuliko yote kuanza kuganda ni maji yaliyoanza na joto la nyuzi 25 hivi, na kwamba yale yaliyokaribia nyuzi 90 yalichukua muda mfupi zaidi. Waliona pia kwamba tabaka ya mafuta juu ya maji ilikawiza mambo, yaani joto kwa sehemu kubwa hutokea juu. Na kwamba upungufu wa maji kwa kugeuka mvuke, ambao ndio sababu ya kwanza imjiayo mtu akilini, haukutosha kueleza yote. Mwaka 1969 makala ilitoka katika jarida la Physics Education, na waandishi wake ni E. B. Mpemba na D. G. Osborne, kwa utaratibu huo, mwanafunzi mbele na daktari nyuma. Na sehemu yake ya kwanza ni masimulizi ya Mpemba mwenyewe, kwa kauli yake mwenyewe, pamoja na dhihaka alizofanyiwa. Kwa maoni yangu utaratibu huo wa majina mawili ni tendo kubwa kuliko jaribio lenyewe, maana Osborne angaliweza, bila ya kuvunja desturi ya wakati ule, kuandika jina lake peke yake na kumshukuru mwanafunzi mmoja wa Iringa katika mstari wa mwisho.

Makala ilipotoka Mpemba alikuwa chuoni Mweka, chini ya Kilimanjaro, akisomea uhifadhi wa wanyamapori, na kazi hiyo ndiyo aliyoitumikia serikali miaka yote, mpaka akawa mtumishi wa cheo cha juu katika idara ya wanyamapori. Osborne aliiacha maabara akaingia katika utumishi wa serikali yake, na kati ya mwaka 1983 na 1987 alikuwa Balozi wa Uingereza nchini Malawi, nchi ambayo sisi wa Mbamba Bay na Liuli tunaitazama ng'ambo ya Ziwa Nyasa kila jua linapokuchwa.

Kumbe basi jambo lenyewe halikuwa geni. Aristotle aliliandika katika kitabu chake cha mambo ya anga, akieleza wavuvi wa Pontus walivyomwaga maji ya moto juu ya matete yao ili yagande upesi. Francis Bacon alilitaja, na Descartes naye mwaka 1637. Na mwaka ule ule wa 1969 George Kell wa Kanada alichapa makala yake juu ya maji ya moto na ya baridi, pasipo kujua la Mpemba. Lakini walimwengu hawakuliita kwa jina la Aristotle wala la Kell. Walichagua jina la mwanafunzi wa Magamba, pengine kwa kuwa masimulizi yake yana uhai, na pengine kwa kuwa kila mtu aliyewahi kunyamazishwa darasani hujiona ndani yake.

Kisha ubishi ukaanza, na haujaisha. David Auerbach mwaka 1995 aliangalia maji yanayopoa chini ya sifuri bila ya kuganda. Wengine walishika hewa iliyoyeyuka majini, wengine mizunguko ya maji ndani ya chombo, wengine theluji iliyo chini ya chombo ambayo huyeyushwa na joto, ikagusana vema zaidi na ubaridi. Mwaka 2012 chama cha kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi kwa atakayetoa maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000, na zawadi ikaenda kwa Nikola Bregović wa Zagreb. Miaka minne baadaye Henry Burridge na Paul Linden walipima upya kwa vipimajoto vilivyowekwa kwa hadhari, wakatangaza kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi, na kwamba kipimajoto kikiinuliwa kidogo tu hukumu ya jaribio hugeuka. Msomaji anaweza kudhani kwamba hapo jina limekufa. Halikufa hata kidogo: mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz waliligeuza kuwa suala la hisabati, wakaonyesha kwamba mfumo ulio mbali na utulivu waweza kweli kuufikia utulivu kabla ya ule ulio karibu, mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer walilithibitisha kwa chembe ndogo zieleazo majini, makala yao ikatoka katika Nature, na mwaka 2024 jina hilo liliingia katika majaribio ya ioni zilizozuiliwa katika mitego ya umeme, katika fizikia ya kwanta, mahali ambapo hapana maziwa, hapana sukari, wala hapana jokofu. Huyu ndiye mtu ambaye, kwa kipimo cha Hirsch na kwa makala ile moja, daraja yake haizidi 1.

Nikiwa mtu wa pwani ya Ziwa Nyasa, siwezi kuisimulia habari hiyo bila ya kugeuza uso nyuma yangu, kwenye milima ya Umatengo, kutoka Kitura hadi Litembo, ambako miteremko ni mikali hata mgeni hushangaa mahindi yamesimamaje. Wamatengo, waliobanwa milimani katika karne ya kumi na tisa kwa vita vya Wangoni, walilazimika kulisha watu wengi katika ardhi ndogo na ya kuteleza, na jawabu lao lilikuwa ngoro. Mvua zinapoelekea ukingoni, mwezi wa Machi hivi, wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa safu zinazokatana, yakafanya miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani, yakabaki mashimo yaliyozungukwa na kuta za udongo, hata mlima ukitazamwa kutoka mbali huonekana kama sega la nyuki. Maharage hupandwa juu ya kuta. Mahindi hufuata msimu wa baadaye. Magugu hutupwa shimoni yakaoza. Na mvua ikinyesha kwa nguvu, maji hujikusanya mashimoni badala ya kuteremka na udongo. Kila duru ya kilimo ikianza upya, mashimo huhamishwa yakachimbwa palipokutana kuta za zamani. Yeyote aliyesoma fizikia ya maji na mteremko ataona kwamba hapa pana jaribio lililorudiwa kwa zaidi ya karne moja, nalo halikuhitaji kurudiwa mpaka yapatikane majibu sahihi, kwa kuwa mwenye kukosea alikosa chakula.

Ngoro nazo zimetajwa katika vitabu. A. H. Pike aliziandika mwaka 1938 katika Tanganyika Notes and Records, Stenhouse akafuata mwaka 1944 katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki, na katika miaka ya tisini wakaja wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wale wa Kyoto, Japani, wakapima udongo, wakahesabu mazao, wakakaa na watu. Juichi Itani akaandika mwaka 1998 juu ya nguvu na udhaifu wa kilimo hicho. Pike hutajwa, Stenhouse hutajwa, Itani hutajwa. Mwanamke wa kwanza aliyeona kwamba majani yakizikwa chini ya ukuta huushika ukuta na kuulisha, huyo hatajwi, wala hawezi kutajwa, kwa kuwa faharasa haina safu ya mtu asiye na jarida. Huko chini pwani ya ziwa hali ni iyo hiyo: neno mbuna, ambalo wavuvi wa Nyasa huwaitia samaki wa mawe, na neno utaka, la samaki wa maji ya wazi, yameingia katika makala za wanabiolojia wa dunia, kama zile za Geoffrey Fryer katika miaka ya hamsini, maneno yakapokelewa na wavuvi wakaachwa ufukweni. Silaumu watu walioandika; bila ya Pike na Stenhouse, wakubwa wa serikali waliopenda kuamuru matuta ya kizungu kila mlima wangalizidi kudhani kwamba Mmatengo hajui kulima. Nasema tu kwamba Mpemba aliponea chupuchupu. Kama Osborne angalirudi Dar es Salaam na swali bila ya jina, kijana wa Iringa angalikaa pamoja na wachuuzi wa Tanga na wachimbaji wa ngoro.

Wachunguzi wa hesabu hizi wamegundua jambo jingine linaloiharibu mizani, nalo alilieleza Robert Merton mwaka 1968: mtu akitajwa sana hufika mahali asitajwe tena. Jina lake huingia katika lugha ya fani, waandishi wakaliandika bila ya kuonyesha limetoka katika makala gani, na faharasa, ambayo huhesabu marejeo na si majina, humwona amepungua kumbe amezidi. Ile kanuni ya kupoa ambayo kwayo mwalimu wa Iringa alimfunga Mpemba kinywa ni mfano ulio wazi. Hufundishwa katika kila shule, kwa jina la Newton, na hapana mwalimu anayetoa rejeo lake. Newton aliichapisha mwaka 1701, kwa Kilatini, katika jarida la Philosophical Transactions la London, na juu ya makala hiyo hakuandika jina lake.